Naomba ushauri: mzee kapata kiharusi pande zote mbili za ubongo, kumbe ana mshipa wa tofauti
Wakuu habari zenu, mzee wangu mwenye presha kapata kiharusi ila hajapooza mkono wala mguu, yeye ni kulala tu, ukimwamsha anaongea kidogo analala tena, na macho hayapandi juu. CT skani ya kwanza ikatoka safi, watu wakaanza maneno ya kurogwa (ndugu hawa!), MRI ndo ikaonyesha thalamasi zote mbili (sehemu za ndani katikati ya ubongo, moja kila upande, zinazosaidia mtu kuwa macho) zimeathirika. Daktari anasema ana mshipa wa Percheron, yaani badala ya kila upande kuwa na vimishipa vyake, kamshipa kamoja kanalisha kote, kakiziba ndo hivyo. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa hivi, usingizi uliisha? Kumbukumbu je? Na mazoezi mlianza lini, maana huyu hata kumkalisha ni kazi.