Msaada: sahani za glavu ni safi, lakini chupa za mazoezi zimeota vijidudu

Nyota_ya_Ziwa (Kisumu):
Wadau wa chumba safi, hamjambo. Tunafunza watu 6 wapya kujaza matone ya macho. Nadharia wamemaliza, tukawapa zoezi la kujaza supu ya soya badala ya dawa (ni chakula cha vijidudu; vikiingia, supu hutibuka), chupa 600 za mililita 5. Laini ni ya mafunzo tu, haina dawa ya kuuzwa. Siku ya 9 chupa 2 zimetibuka. Ajabu ni kwamba sahani za glavu (za agari, rojo la kuoteshea vijidudu, zinazoguswa kwa vidole vyenye glavu) za wote 6 hazina koloni, yaani kundi la vijidudu vilivyoota, hata moja. Niwarudishe darasani?

Menengai_2 (Nakuru):
Darasa lisubiri. Swali kwanza: kabla ya kugusa agari, walipulizia glavu spiriti?

Nyota_ya_Ziwa:
Ndiyo mkuu, ndivyo walivyoelekezwa.

Menengai_2:
Basi hizo sahani hazisemi kitu. Umepima spiriti, hukupima mikono. Alama za vidole huchukuliwa mara tu kazi inapoisha, kabla ya kupulizia chochote: vidole vyote vitano vya kila mkono, gandamiza taratibu kama sekunde 5 bila kupasua agari. Agari yenyewe iwe na lesithini na polisobeti 80, ili mabaki ya dawa ya kuua vijidudu yasizuie koloni kuota. Ukimaliza, glavu hizo zitupwe. Agari iliyobaki juu yake ni chakula cha bakteria, na mtu akirudi nayo kazini atakuwa anapanda shamba.

Chupa zenu zinapitisha mwanga? Nyingi za matone ya macho ni za plastiki nyeupe, na humo supu iliyotibuka haionekani. Tumia chupa angavu za umbo lilelile, vinginevyo huenda hizo 2 ni zile tu ulizobahatika kuona.

Nyota_ya_Ziwa:
Ni angavu. Hizo 2 nizitupe?

Mama_Agari (Kakamega):
Usithubutu dada! Hizo ndizo mashahidi wako. Paka kwenye kioo, tia rangi ya Gram (hutofautisha aina za bakteria), kisha otesha upate jina. Ukiona viduara vya zambarau vilivyojikusanya kama zabibu, au vinne vinne, shuku ngozi ya mtu, yaani mavazi au glavu. Vijiti vyekundu, fuata maji. Vijiti vya zambarau vyenye spora (hali sugu ya bakteria), fuata vumbi na katoni. Ukungu, tafuta unyevu na karatasi.

Pia zilizobaki ziendelee hadi siku 14. Wengi huweka siku 7 kwenye nyuzi 20 hadi 25, kisha 7 kwenye 30 hadi 35. Mwisho chukua chupa ambazo hazikuota, zitie vijidudu vinavyojulikana visivyozidi 100 uone kama vinaota. Supu isiyoweza kuotesha kitu haina ushahidi wowote.

Menengai_2:
Na chupa hizo zilikuwa trei gani, dakika gani? Kama hukuandika, zoezi lijalo weka namba za trei na video. Mara nyingi utakuta ni palepale mtu alipoinua chupa iliyoanguka. Hewa safi inapotoka kwenye kichujio lazima ifike kwenye mdomo wa chupa kabla haijagusa kitu kingine. Mkono ukipita juu ya chupa zilizo wazi, hewa inakokota kilicho kwenye mkono na kukidondosha ndani. Wafanyishe na maji yenye rangi kwanza, huku mvuke wa maji ukipulizwa waone wenyewe unavyovunjika juu ya kiwiko. Chupa iliyoanguka iondolewe kwa kibanio tasa kutoka pembeni, na zilizo wazi karibu nayo zitupwe.

Nyota_ya_Ziwa:
Nimerudi. Zote 2 ni vijiti vya zambarau, spora zinaonekana wazi. Trei ya 7, muda mfupi baada ya vizibo kuongezwa.

Mama_Agari:
Vizibo viliingia vikiwa ndani ya nini?

Nyota_ya_Ziwa:
Mifuko miwili. Katoni ilifunguliwa chumba cha kubadilishia, mfuko wa nje ukapanguswa kwa spiriti.

Mama_Agari:
Hapo ndipo penye shida. Spiriti ya asilimia 70 haiui spora. Katoni isivuke ghala. Mfuko wa nje upanguswe kwa dawa inayoua spora, kwa mfano ya haidrojeni peroksidi, ukae na majimaji kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, kisha uvuliwe mlangoni, wa ndani tu ndio uingie. Hata spiriti yenyewe ipitishwe kichujio cha mikroni 0.22, kwa sababu spora huweza kukaa humo hai. Na chupa ya kupulizia isijazwe juu ya mabaki ya jana.

Kwa Kisumu ongeza hili: wadudu wa ziwani hufuata taa usiku, kwa hiyo taa ya nje isiwe juu kabisa ya mlango wa mizigo. Stima ikipotea, acheni kujaza, hata jenereta iwake haraka vipi. Tofauti ya shinikizo kati ya vyumba ikishuka chini ya paskali 10, kila chupa iliyo wazi ni ya kutupa.

Nyota_ya_Ziwa:
Shukrani. Jumatatu tunarudia, tukibadilisha tu jinsi mfuko wa vizibo unavyoingia, chupa mpya 600, na sahani zichukuliwe kabla ya spiriti.

Menengai_2:
Rudia mara 3 mfululizo, ukilenga sifuri kila mara. Na aliyefungua ule mfuko afungue tena yeye mwenyewe. Usimwondoe.