Seven Sisters, Durdle Door au Ureno? Natafuta njia ya juu ya magenge ya baharini, naenda na bi mkubwa

MlaKisamvu
Wakuu habari za wikendi. Niko Reading huku Uingereza, bi mkubwa anakuja toka Tanga mwezi wa tano kukaa wiki tatu na mimi nimechoka kila mgeni kumpeleka Big Ben na kwenye maduka, picha zote za ukoo zinafanana. Mama ni mtembeaji, ana miaka 61, shamba analima mwenyewe, ila goti la kushoto kwenye kupanda linalalamika na kwenye kushuka ndo balaa. Anataka bahari. Nimeona hizi njia za haiki zinazopita juu ya magenge ya mawe ya chokaa (genge la mwamba jamani, sio genge la nyanya), nimebaki na tatu: Seven Sisters kule Sussex, Durdle Door kule Dorset, na ile ya Algarve Ureno inaitwa Sete Vales Suspensos. Gari ninalo. Aliyezikanyaga aseme ukweli, picha nishaziona.

chapa_mguu
Seven Sisters nimeenda mara mbili, ya kwanza nilitoka Seaford mpaka Eastbourne, kama kilomita 22 hivi, na nikwambie picha inadanganya, unaona nyasi zimekatwa vizuri kama uwanja wa mpira unasema hii ntateleza tu na raba zangu, kumbe ni kilima unashuka bondeni unapanda kingine unashuka tena, na jina linasema dada saba, yaani vilima saba, lakini ukihesabu kwa miguu vinakuja vinane, cha nane nadhani walikisahau makusudi ili watu wasighairi. Halafu baada ya hapo bado hujafika Beachy Head, ambayo ndo ndefu kuliko magenge yote ya chaki Uingereza, mita 162 toka juu mpaka majini. Kwa goti la mama yako sishauri njia nzima. Njia yenyewe laini lakini, hakuna mawe ya kukukwaza, ni mteremko tu unaoumiza.

Jambo moja muhimu, ukianzia Seaford utakuta mto Cuckmere unaingia baharini na utaona watu wanavua viatu wavuke kwa miguu. Usijaribu na mzee. Zunguka mpaka darajani Exceat, ni mwendo wa ziada ila unafika mkavu.

BintiPongwe
Karibu mgeni wetu wa Tanga, mpe shikamoo yangu. Mi napigia kura Durdle Door. Unaacha gari Lulworth Cove, unapanda kilima kimoja tu, njia imejengwa kwa mawe, kama maili moja na kidogo unaona lile tao la jiwe limesimama ndani ya maji. Na ule ni mwamba wa chokaa kweli, mgumu, sio chaki kama Sussex, ndo maana bahari imetoboa katikati na juu pakabaki. Jamii moja na jiwe la Portland walilojengea kanisa la St Paul's London. Pwani yote hiyo iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2001.

Ubaya wake: kile kilima kimoja ni kimoja kweli lakini kimesimama wima kama ngazi ya msikiti. Kushuka ufukweni kuna ngazi ndefu, chini ni changarawe inayomeza mguu, mama aishie juu, kuona anaona kila kitu. Paking bei imechangamka na jua likiwaka watu wanajaa hadi unasahau kama umefata bahari. Msirukeruke pale juu ya tao, mwaka 2020 watu waliumia vibaya kwa kujirusha toka kule wakaja kubebwa na helikopta.

chapa_mguu
Ongeza na habari ya jeshi. Ukitoka Lulworth kwenda mashariki ni eneo la kulenga shabaha, bendera nyekundu ikipandishwa njia imefungwa. Wikendi nyingi wanafungua lakini kaangalie kabla hujajaza mafuta. Ndani humo kuna kijiji Tyneham, walihamishwa watu wote Desemba 1943 kupisha mazoezi ya vita na hawakurudishwa mpaka leo, nyumba ni kuta tu.

Otosh_KE
Boss, hizo za Uingereza ni upepo na mvua, enda Ureno. Mimi nilienda Septemba na bibi yangu, tukaanza Praia da Marinha tukamalizia Vale de Centeanes, ni kama kilomita 6 kuenda, kurudi ukitaka ni zingine kama hizo au uite teksi. Kupanda kupo lakini ni kadogo kadogo, hakuna mahali pumzi inakata. Mawe ni ya rangi ya asali, ukiangalia karibu yamejaa makombe ya zamani, yaani mtu anakanyaga ganda za chaza zilizogeuka jiwe. Kuna mashimo makubwa yameingia chini mpaka baharini, yamewekewa uzio, unasikia maji yakipiga huko ndani kama ngoma. Bibi yangu aliipenda sana.

MlaKisamvu
Duh basi kama bibi yako ameweza hizo kilomita 6 mama yangu mbona anamaliza asubuhi. Ana miaka mingapi bibi?

Otosh_KE
Bibi ni mke wangu buda 😂 ako na miaka 34.

BintiPongwe
Nimecheka mpaka chai imemwagika. Otosh huku Tanga bibi ni mama yake mama.

Otosh_KE
Sawa basi mke. Pango la Benagil lile la kwenye picha ukitaka kuingia siku hizi ni boti au kayaki yenye mwongozaji, toka 2024 kuogelea kuingia ndani wamekataza na kushuka ufukweni wa pango pia hawataki. Toka juu njiani utaliona tundu tu. Na kofia usisahau, kivuli hakuna.

Fundi_Bomba
Mnaongea Ureno Ureno, viza je? Mama anakuja na viza ya Uingereza, Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Ureno imo) hiyo haimwingizi, aombe nyingine na angetakiwa aiombee huko huko nyumbani, euro 90 kabla hujahesabu nauli ya kwenda Dar kuacha alama za vidole. Na wewe mwenyewe kama bado una pasi ya Tanzania kibali chako cha Reading nacho hakikuvushi. Mwezi wa tano ni kesho kutwa. Ureno iwekeni mwakani.

Mngazija13
Nipo Marseille huku Ufaransa, kwetu Ngazidja ila nilisoma Unguja. Mwakani mkiwa na hizo viza msisahau Calanques, vihori vya bahari katikati ya magenge karibu na hapa, mbuga ya taifa toka 2012, mwamba mweupe unaingia kwenye maji ya buluu kama Nungwi. Toka mji wa Cassis mpaka kihori cha Port-Pin mama anaweza, kile cha En-Vau HAPANA, kushuka kule jiwe limekanyagwa na watu mpaka linang'aa kama sabuni, nimeona vijana wenye buti wakishuka kwa makalio. Kiangazi hatari ya moto ikizidi wanafunga, na kihori cha Sugiton mpaka ujiandikishe, watu 400 tu kwa siku, bure lakini.

chapa_mguu
Mi nina wazo. Seven Sisters sio lazima uzitembee zote. Weka gari Birling Gap, pana mgahawa na vyoo. Toka hapo panda upande wa mashariki mpaka Belle Tout, mnara wa zamani wa taa ya meli, kilima kimoja cha taratibu kwenye nyasi, geuka nyuma utaona masista wote wamejipanga. Ule mnara wenyewe mwaka 1999 waliusogeza mzima mzima mita 17 kurudi nyuma maana genge lilikuwa linaliwa na bahari. Ndo maana nasema kaeni mbali na ukingo, nyasi zinaonekana zimelala kwenye udongo kumbe chini yake hewa. Na mkitaka kutembea chini ufukweni angalieni ratiba ya maji, yakijaa yanakubana ukutani, na siku za bamvua ndo usithubutu. Kwa mtu wa Tanga hilo wala huhitaji kumfundisha.

MlaKisamvu
MREJESHO: tumeenda jumamosi, Birling Gap kama alivosema chapa_mguu. Upepo ulikuwa wa kung'oa mabati. Mama kajifunga leso kichwani, nyingine kiunoni, kapanda mpaka Belle Tout kasimama mara mbili tu na zote ni za kunisubiri mimi. Kushuka tulikata kona kona kama ng'ombe, goti halikusema kitu. Pale njiani kaokota kipande cheupe kakisugua na kidole, kaonja (!!), akasema hii si ndo chokaa hii? Sisi tulikuwa tunachoma matumbawe siku nzima kwa magogo tupate ndoo mbili za kupakia ukuta, hawa wana mlima mzima na wanaupiga picha. Akaona na yale mawe meusi yaliyojipanga mistari ndani ya weupe, nikamwambia sijui, akasema ni gumegume, babu yake alikuwa na bunduki yake. Nimeangalia baadae ni kweli.

Durdle Door tunaenda wiki ijayo, amesema anataka kuona jiwe lililotobolewa na ataishia juu. Swali, suruali yangu nyeusi imeganda chaki nyuma yote, nimefua mara mbili bado. Nifanyeje?

BintiPongwe
Siki. Loweka nusu saa, itatoa povu usiogope.

MlaKisamvu
Imetoka. Sasa nyumba nzima inanuka achari na mama anauliza embe ziko wapi.