Kuvua trauti palipo na samoni wanaotaga

Swali
Wanajamvi, naomba maoni yenu. Samoni wanapopanda mto kutaga, trauti hujipanga nyuma yao na kula mayai yanayochukuliwa na maji, hivyo msimu huo huwa rahisi sana kuwapata. Sheria ya mto ninakovua inaruhusu. Je, ni haki kuwavua hapo, au ni kuwasumbua samoni kwa kisingizio cha trauti?

Jibu la kwanza
Ndugu, yai lililokwisha kuchukuliwa na mkondo kwa kawaida haliwi samaki tena, kwa hiyo kumvua trauti anayelila hakumpunguzii samoni chochote. Hatari ipo miguuni mwako. Samoni jike hulala ubavu, akaipiga changarawe kwa mkia mpaka pakawa na shimo, akataga, dume akarutubisha, kisha jike akayafukia mayai kwa changarawe ya upande wa juu wa mto. Ukitazama vizuri utaona baka la changarawe safi, jeupe kuliko sakafu ya mto iliyolizunguka, lenye kishimo na, mbele kidogo mkondo uelekeako, tuta; hicho ndicho kiota. Mayai yamo ndani ya tuta hilo, na hukaa humo kwa miezi, muda mrefu baada ya wazazi kutoweka. Anayelikanyaga huyaponda bila hata kujua.

Jibu la pili
Nakubaliana na hoja ya miguu, lakini ndoana nayo isisahauliwe. Samoni anayepanda kutaga huwa ameacha kula na anaishi kwa mafuta aliyojiwekea baharini. Ukimnasa pezi au ubavu, kila dakika ya kuvutana inamla nguvu za kuchimba na kutaga. Wale wa Pasifiki, karibu wote, hufa baada ya kutaga, yaani hawana msimu wa kufidia. Ndiyo maana huko Alaska kanuni zinataka shanga inayoiga yai, ile ya kumvutia trauti, iteleze huru kwenye mshipi, au ikikazwa isizidi inchi 2 kutoka kwenye ndoana. Kwangu mimi, ruhusa ya sheria haitoshi: ukimnasa samoni mara ya pili mahali pamoja, hama.

Muulizaji
Nashukuru. Basi nisimame wapi?

Jibu la kwanza
Ukingoni, ukitupa mshipi mbali kabisa na viota, upande mkondo uelekeako, kwenye maji yenye kina ambako trauti wanangojea na samoni hawachimbi. Kama mto ni mwembamba kiasi kwamba huwezi kuwatenganisha, tafuta mto mwingine.