Tupeane uzoefu: uliyeambiwa na tabibu wa Kichina kuwa unene wako ni "unyevu", njoo tuzungumze

Mama Kibonge (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Nina kilo 94 na kimo cha futi tano na inchi mbili. Miaka mitatu niko hapo hapo. Nimekimbia, nimeacha ugali, asubuhi maji ya limao yenye barafu, usiku bakuli la matango na tikiti. Nikishuka kilo mbili, zinarudi tatu.

Shoga yangu akanipeleka kwa tabibu wa Kichina hapa Dar. Nilikwenda nikijiandaa kwa mzani, wala hakuniuliza kilo. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, kulia kisha kushoto, halafu akataka ulimi. Akanipa kioo nijionee: mpana, pembeni una alama za meno kama kifuniko cha soda, juu utando mweupe mzito. Kisha maswali. Choo kinanata? Ukishakula unasinzia? Miguu ni baridi? Ukiwa na kiu unatamani maji moto au baridi? Unawaza sana? (Nani Dar hii hawazi sana?)

Akasema wengu wangu ni dhaifu na mwili umejaa unyevu. Si wengu ule wa hospitali tu, kwao ni jina la kazi nzima ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kusukuma maji mwilini. Nilivyomwelewa, tumbo ni chungu na wengu ndio moto chini yake. Mimi kila siku namwaga barafu kwenye jiko la mkaa halafu nashangaa maharage hayaivi. Kisichoiva hubaki kama unyevu, unyevu ukikaa unaganda kuwa belghamu, na kwa hesabu yao mafuta ya tumboni ni belghamu hiyo. Akanikataza vibichi, baridi na vitamu. Friji yangu nzima!

Nani mwingine kapitia? Leteni na mabaya yake, si sifa tupu.

Mzigo wa Guangzhou

Dada, karibu kwenye chama. Mimi nafuata mizigo Guangzhou na kule neno "shiqi", yaani huo unyevu, liko midomoni mwa kila mtu, kuanzia mama mwenye nyumba mpaka dereva wa teksi. Hali ya hewa yenyewe ni ya kukamua shati. Ukikaa mgahawani unaletewa maji moto, ukiomba ya baridi wanakuonea huruma. Mwenye nyumba wangu alinipikia maharage madogo mekundu pamoja na yi mi, punje nyeupe zinazofanana na shayiri nono, bila sukari. Wanasema vinakausha unyevu. Mjamzito hukatazwa hizo punje, lianikeni hilo mapema.

Nilipungua kilo nne kwa miezi mitatu. Lakini niseme kweli: kipindi hicho nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Sanyuanli hadi Xiaobei kila siku, na nyama choma za saa sita usiku nilikuwa nimeziacha. Sasa sijui nimshukuru maharage au soli za viatu.

Bibi wa Forodhani

Wanangu, mnayashangaa mambo tuliyolelewa nayo. Unguja bibi zetu walijua vyakula vya moto na vya baridi. Tango baridi, dafu baridi. Tangawizi, pilipili manga na asali moto. Mtu mzito, mvivu, kifua kinakoroma, walisema ana belghamu, akaumikwa kwa chuku. Mchina anaumika kwa vikombe vya kioo, bibi yangu alitumia pembe ya ng'ombe. Na madaktari wa Kichina hapa tunawajua tangu 1964, si wageni.

Ila bibi hakumpa mtu dawa ya kukonda. Enzi hizo mwanamke akikonda watu waliuliza mume ana nini.

Kariakoo Mpaka Chooni

Mabaya mliyataka, haya hapa. Nilinunua "chai ya Kichina ya kupunguza tumbo", pakiti ya kijani, maandishi ya Kichina matupu. Wiki mbili kilo sita. Nilikuwa nasifiwa ofisini huku nimehamia chooni. Wiki ya tatu miguu ikakaza, moyo ukadunda ovyo, nikaanguka bafuni. Hospitali wakakuta potasiamu imeshuka vibaya. Daktari alisema chai nyingi za namna hiyo ni majani ya sena, dawa ya kuharisha. Nilichopunguza kilikuwa maji na kinyesi, mafuta yalikuwa yamekaa yananitazama. Nilipoacha chai, kilo sita zikarudi kwa siku kumi.

Mama Kibonge

Pole sana ndugu yangu. Na yako ni nafuu. Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliotumia vidonge vya kukonda vyenye mitishamba ya Kichina waliharibika figo, zaidi ya mia moja. Mzizi mmoja, fangji, ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, wa jamii ya Aristolochia, ambao ni sumu ya figo. Na kuna vidonge vinavyoitwa vya asili ambavyo vimekutwa na sibutramini ndani, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 Ulaya, Marekani na China kwenyewe kwa kuhatarisha moyo. Hapo mtishamba ni gamba tu.

Kwa hiyo uzi huu tuseme ulichoelekezwa. Wenye kuuza pakiti, inboksi zenu mzifunge.

Sindano za Nanjing

Nilisoma tiba hii Nanjing. Dada kaeleza vizuri, ila wengi hamjui kwamba si kila mnene huambiwa unyevu. Kuna anayekula na dakika hiyo hiyo ana njaa, ulimi mwekundu, utando wa njano, choo kigumu. Huyo tumbo lake lina moto, na tangawizi ya Bibi itamzidishia. Kuna ambaye chi ya ini, yaani nguvu inayozunguka mwilini kwa hesabu ya Wachina, imekwama: anapumua kwa kushusha pumzi, hasira, matiti yanauma kabla ya hedhi, anakula akiwa na msongo. Ukiwapa wote chai moja umefanya biashara, hujatibu.

Sindano nilikuwa nachoma kwenye pointi tatu: tianshu pembeni ya kitovu, fenglong katikati ya muundi kwa nje, na zusanli vidole vinne chini ya goti. Siku hizi huko wanapachika hata nyuzi zinazoyeyuka kwenye pointi hizo ili mteja asirudi kila siku. Mwalimu wangu mwenyewe alikuwa mnene. Mwanafunzi mmoja akamuuliza, akajibu kwamba sindano haijui njia ya kufunga mdomo.

Nesi wa Likoni

Nimesoma kimya, lakini hapo kwa miguu baridi na usingizi imebidi niingie. Mie nilikuwa hivyo hivyo: baridi, uso umevimba, choo kigumu, nywele zinang'oka, kilo zinapanda na chakula ni kile kile. Tabibu akaniambia yang ya figo, yaani joto lake, imepungua, nikanywa mizizi michungu miezi mitano. Mwishowe mwenzangu wa wodini akanilazimisha nipime TSH, kipimo cha damu cha tezi ya shingo. Tezi ilikuwa imelala! Nakunywa tembe moja kila asubuhi na maisha yanaendelea. Tabibu aliziona dalili zangu zote, sikatai, tena alizisikiliza kuliko daktari aliyeniambia "punguza chapati". Lakini homoni haionekani kwenye ulimi. Dada, umepimwa?

Ghorofa ya Tano

Mimi nilipunguzwa na lifti mbovu. Miezi minne. Sina la kuongeza.

Mama Kibonge

Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Nesi, sikuwahi kupimwa. Hesabu yangu mpaka leo: miezi minne ya uji wa moto asubuhi, mboga zilizopikwa, maji ya vuguvugu, chakula cha mwisho saa moja jioni, na kutembea kidogo nikishakula. Nimetoka 94 hadi 91. Usingizi wa mchana umeisha, na pete ya ndoa inavuka kiungo bila sabuni. Ila nimeacha pia soda na juisi, sasa kama ni wengu au ni sukari, tabibu atavuta huku na daktari kule. Miguu bado ni baridi.

Asubuhi hii nimetolewa damu ya TSH. Majibu Alhamisi, nitayaleta hapa hapa.