Shoo ya mitindo ya idara kuchangia ada: tufanyeje hela ifike kwa mwanafunzi kweli?

Binti_Sakina

Habari za humu wakuu, na shikamooni wakubwa wote. Mimi nasoma ubunifu mavazi chuo kimoja hapa Arusha, jina naomba niliache, na safari hii nimewekwa kwenye kamati ya shoo ya idara. Kila mwaka idara inaandaa shoo moja kubwa, wanaomaliza wanapandisha nguo zao jukwaani, na kwenye kadi imeandikwa kabisa kwamba mapato ni ya mfuko wa kusomesha wanafunzi wasio na uwezo.

Sasa shida ni hii, ukumbi unajaa, watu wanapendeza, picha zinazunguka Instagram wiki nzima, ila mkikaa kwenye hesabu ukumbi umelipwa, mapambo yamelipwa, muziki umelipwa, MC kalipwa, wanamitindo wamekula na wamepewa nauli, kinachobaki hakitoshi hata ada ya mtu mmoja. Na darasani kwetu kuna binti anakata vizuri kuliko sisi wote kaondoka muhula uliopita, hakufeli somo lolote, kaondoka kwa sababu ya ada na vitambaa tu. Inaniuma sana kwa kweli maana huo mfuko uliandikwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Naomba ushauri kwa aliyewahi kusimamia kitu kama hiki, tiketi tuweke bei gani, tubaki Arusha au tupeleke Moshi, na hela ikipatikana igawiwe vipi bila kuleta maneno.

MamaKamati_Njiro

Marahaba mwanangu. Nimekaa kwenye kamati za harusi na sendoff nyingi tu mjini hapa na nakwambia swali la bei ya tiketi sio la kwanza. Piga hesabu, ukumbi wa watu 300, tiketi 20,000, ukijaa wote ni milioni 6 na haiwezi kuzidi hapo hata nguo ziwe nzuri namna gani, wakati gharama zenyewe hazina mwisho. Ndio maana hambakiwi na kitu.

Fanyeni kama tunavyofanya kwenye harusi. Kamati inaanza miezi kadhaa kabla, kadi za mchango zinatoka, mtu anaandika ahadi yake, single kiasi fulani double kiasi fulani, na kuna mweka hazina hana kazi nyingine ila kupiga simu kukumbushia. Mpaka siku yenyewe inafika hela mnayo mkononi tayari na ukumbi unachaguliwa kulingana na hela iliyoingia. Nyie mnaanza na ukumbi halafu mnaomba Mungu watu waje. Wazazi wa wanafunzi wapo, waliomaliza hapo idarani wapo wana maduka Kijenge na Ngarenaro, wenye hoteli na kampuni za utalii wanaohitaji yunifomu kila mwaka wapo. Hao ndio wa kuwapelekea kadi, tena mpeleke kwa mkono mkae mzungumze, msitume WhatsApp tu.

Kingine, tenganisheni hela. Akaunti ya gharama za shoo iwe yake na ya mfuko wa kusomesha iwe yake. Mchangiaji akisema hii laki ni ya ada basi isiguse maua wala vitambaa vya kupambia viti. Mtu akijua laki yake imeenda kwa mtoto mwaka kesho anatoa laki mbili, hilo nimeliona mara nyingi.

FundiKiborloni

Mama Kamati kaongea vizuri sana, mimi naongeza upande wa mafundi maana kuna gharama hampendi kuihesabu. Mwanafunzi anayepandisha nguo nne tano jukwaani kanunua kitambaa, kanunua bitana, zipu, vifungo, uzi, kabla ya hapo kashona ya majaribio kwa marikani (kile kitambaa cheupe cha pamba kisicho na nakshi), overloki ya kufunga kingo kalipia kwa fundi wa mtaani kwa sababu ya chuo ina foleni au imeharibika. Yote hayo mfukoni kwake. Kwahiyo yule asiye na uwezo mnayesema mnamchangia ndio shoo inamkamua kuliko wote, na anaweza kuwa ameacha kula ili nguo ipande jukwaani. Mfuko uanzie hapo, kabla hata ya ada, mlipieni vifaa vya shoo.

Na msiombe hela peke yake. Arusha mna viwanda, Sunflag wapo Themi, A to Z wako kule Kisongo, andikeni barua ya idara iliyopigwa muhuri muombe vitambaa, hata vile vya mwisho wa roli. Kwa kiwanda ni rahisi kutoa mzigo kuliko kutoa cheki. Mitumba nayo msiidharau, hapa Moshi Memorial na huku kwetu Kiborloni ukiwahi asubuhi unapata koti zito la sufu, unalifumua, unapata kitambaa ambacho dukani mwanafunzi hagusi bei yake. Wekeni kipengele kizima cha nguo zilizofumuliwa na kushonwa upya, kinapendeza na ni cha bei ndogo.

Bibi_wa_Patani

Nimefundisha ushonaji na historia ya mavazi miaka mingi, naomba nichangie kidogo kwa sababu jambo hili lina wenyewe waliolifanya kabla yetu.

Marekani kulikuwa na Ebony Fashion Fair. Ilianza 1958 kama shoo ya kuchangia hospitali moja New Orleans, ikaja kuwa msafara wa kila mwaka unaozunguka mji kwa mji mpaka 2009, chini ya mama mmoja anaitwa Eunice Johnson, yeye na mumewe ndio walikuwa wenye jarida la Ebony kule Chicago. Wanamitindo wengi walikuwa weusi wakati ambao majukwaa makubwa hayakuwa yanawapa nafasi. Zilichangishwa zaidi ya dola milioni 50 kwa ajili ya misaada na skolashipu. Sasa sikilizeni ilivyokuwa inafanya kazi maana hapo ndipo penye somo kwenu, kila mji shoo ilidhaminiwa na kikundi cha palepale, kina mama wa chama fulani au wa kanisa, wao ndio wanauza tiketi kwa majirani zao na mapato yanaenda kwenye shughuli zao wenyewe za kusaidia, ikiwemo kusomesha vijana. Jarida nalo lilipata wasomaji kwa sababu bei ya tiketi ilikuwa na usajili wa gazeti ndani yake. Kila aliyeingia ukumbini alitoka na kitu na kila aliyeuza tiketi alijua hela inakwenda kwa mtoto wa nani.

Hata ile Met Gala mnayoiona mitandaoni ilianza 1948 kama chakula cha usiku cha kuchangia idara ya mavazi ya jumba la makumbusho pale New York, tiketi dola 50. Na chuo cha Parsons mjini humohumo wana hafla yao ya kuchangisha, wanawatunuku watu wakubwa wa mitindo, na hao wakubwa ndio wanaoleta marafiki zao wenye hela. Kwahiyo Binti, tafuteni mtu wa kumheshimu. Fundi mzee wa mjini aliyefundisha nusu ya mafundi wa Arusha, mama wa vikundi vya shanga, mumpe heshima yake jukwaani. Watu wake wote watakuja na watachanga.

Kijana_wa_Rau

Mimi nasema pelekeni Moshi Desemba. Kila mtu anajua Wachaga wanarudi nyumbani Krismasi, kuanzia tarehe 20 hivi barabara ya Himo mpaka Marangu haipitiki, watu wametoka Dar na Mwanza na nje ya nchi na wana hela za kula sikukuu na wako kwenye mood ya kuchangia nyumbani. Tarehe 27 au 28 mnafanya shoo mchana, familia nzima inakuja, mnamaliza mapema watu wapande mlimani kabla giza halijaingia.

Kama Desemba haiwezekani basi wikiendi ya Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari, Moshi inafurika, mfanye Ijumaa.

MamaKamati_Njiro

Rau nakubaliana na wewe kuhusu watu ila siku hizo ukumbi na vyumba bei inapaa, na wikiendi ya marathon ndio kabisa. Halafu Desemba nguo za wanaomaliza zinakuwa bado hazijashonwa, mwaka wa masomo umeanza juzi tu. Mimi ningefanya shoo yenyewe Arusha mwisho wa mwaka wa masomo kazi zikiwa zimekamilika, halafu Desemba kamati iende Moshi na kadi za mchango na nguo chache tu za kuonyesha, kwenye mikusanyiko ya ukoo na kanisani. Wenye hela mnawafuata walipo.

FundiKiborloni

Hapo kwenye kanisani nimekumbuka kitu, MNADA. Nyie wote mmeona mnada baada ya ibada, mkungu wa ndizi au jogoo vinauzwa mara tatu mara nne ya bei ya sokoni na aliyenunua anamrudishia mchungaji ili kiuzwe tena. Fanyeni hivyo kwa nguo. Kila mwanafunzi atoe nguo moja ya mnada, inapita jukwaani, MC anataja jina la aliyeshona na anatokea wapi, bei inaanza. Nguo moja ya kitenge iliyoshonwa kwa akili ukimpata mnadishaji mzuri inaweza kuingiza kuliko meza nzima ya tiketi.

Afisa_Mstaafu_Kijenge

Bila kuwachosha. Vibali anzeni mapema, afisa utamaduni wa jiji na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Na mkitaka kuchezesha bahati nasibu ya kuuza namba kwa zawadi jueni hiyo iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya 2003, msiifanye kienyeji. Mnada ni salama zaidi.

Kuhusu kugawa. Mwanafunzi wa digrii anaweza kuomba Bodi ya Mikopo, wa diploma mlango wake ni mwembamba, mikopo ya diploma ilianza mwaka wa masomo 2023/24 na ikaelekezwa kozi za kipaumbele kama afya, nishati na madini, kilimo na mifugo, usafirishaji, ualimu wa sayansi. Ubunifu mavazi hamkuwemo. Kwahiyo kama idara yenu ina watu wa diploma mfuko wenu uwaangalie hao kwanza, ndio hawana pa kushika.

Hela isipite mkononi kwa mtu. Ilipwe moja kwa moja kwenye kontroo namba ya mwanafunzi, risiti ibaki idarani. Anayechagua asiwe mwalimu mmoja, wakae watatu na mmoja awe mtu wa nje ya chuo, kiongozi wa dini au fundi anayeheshimika. Idadi ya waliosaidiwa na kiasi kilicholipwa mbandike kwenye ubao, majina ya watoto MSIBANDIKE. Umaskini wa mtu sio wa kupandisha jukwaani, na nimeona hafla ambapo mnufaika alisimamishwa mbele ya wageni akaombwa aeleze shida za kwao mpaka akalia. Ni kumdhalilisha. Mwanafunzi apande jukwaani kwa sababu ya nguo yake tu.

Binti_Sakina

Asanteni sana wazee wangu, hilo la mwisho limenigusa maana kwetu kulikuwa na pendekezo la kumuita mnufaika atoe ushuhuda, nitalipinga kwenye kikao. Akaunti mbili, ahadi kabla ya ukumbi, na vifaa vilipiwe kwanza, hayo nayapeleka Jumamosi. Barua ya vitambaa nitaandika na mwalimu wangu wiki hii.

Bado swali moja kwa Fundi, nguo ya mnada ikiuzwa hela yote iende mfuko au aliyeshona apate chochote? Maana kuna wenzangu wanasema wakishona bure wataweka nguo dhaifu na nzuri wataficha.

FundiKiborloni

Apate. Kwanza arudishiwe hela ya kitambaa na vifaa vyote kwa risiti, halafu kwenye kinachobaki mkubaliane fungu lake, hata robo, mfuko ubebe zilizobaki. Na namba yake ya simu iandikwe kwenye lebo ndani ya nguo, aliyenunua akitaka nyingine ampigie yeye mwenyewe. Muandike makubaliano na yasainiwe kabla mtu hajagusa mkasi.

Bibi_wa_Patani

Naunga mkono Fundi. Na yule binti aliyeondoka, mtafuteni sasa, msisubiri shoo iishe. Kama anakata vizuri hivyo aingie kwenye kukata patani za nguo za mnada na alipwe kwa kazi hiyo. Binti, niandikie inbox, nina cherehani ya miguu imekaa tu hapa nyumbani Moshi, inashona vizuri, mkija kuichukua ni yake.