Yakobo 1:6 na Marko 9:24: kijana mwenye shaka tumjibuje?

Mwalimu_wa_Kipaimara
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jumamosi nina kipindi cha dakika 60 na darasa la kipaimara, vijana 22 wa miaka 14 hadi 17. Waliandika maswali kwenye karatasi bila majina, na matatu yanahitaji majibu ya uhakika:

1. Yakobo 1:6-7 inasema mwenye shaka asidhani atapokea kitu. Mbona baba wa Marko 9:24 alikiri kutokuamini kwake na mwanawe akapona?
2. "Kuna mawazo mabaya juu ya Roho Mtakatifu yanakuja yenyewe. Je, nimetenda dhambi isiyosameheka?"
3. "Niombeje siku ambayo siamini?"

Sitaki kuwajibu "ongeza imani" halafu nifunge kipindi. Nisaidieni.

Msomaji_wa_Kiyunani
Shalom mwalimu. Anza na mstari wa 5, kabla ya shaka yenyewe. Yakobo anazungumzia hekima: aliyepungukiwa aombe kwa Mungu, "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei". Hayo maneno mawili, "wala hakemei", ndiyo tunayoyaruka tukiukimbilia mstari wa 6, na hapo andiko linageuka rungu la kumpigia mgonjwa ambaye hajapona.

"Mwenye shaka" hapo, kwa Kiyunani, ni *diakrinomenos*, mtu aliyegawanyika ndani. Mstari wa 8 unamwita mtu wa nia mbili, *dipsychos*, neno ambalo katika Agano Jipya lote linapatikana kwa Yakobo tu, hapo na 4:8. Soma 4:4 uone linakoelekea: urafiki na dunia. Anayekemewa ni yule anayemwomba Mungu huku mguu mmoja ameuacha kwa bwana mwingine. Kijana mwenye swali kichwani si huyo.

Mathayo anatumia neno jingine, *distazo*, kusitasita. Agano Jipya linalo mara mbili tu: 14:31, Petro juu ya maji, na 28:17, mlimani Galilaya: "walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka". Waliositasita hawakutolewa kundini. Agizo la "enendeni" katika mstari wa 19 walilipokea pamoja na wenzao.

Kwa Petro, waambie vijana wapige mstari chini ya vitenzi vya 14:30-31 kwa mpangilio wake. Petro: akaogopa, akaanza kuzama, akapiga yowe. Yesu: akanyosha mkono, akamshika, akamwambia. Mkono ulitangulia, swali la "mbona uliona shaka?" likafuata. Sisi walimu mara nyingi tunaanza na swali wakati mtoto bado yumo majini.

Na yule baba wa Marko 9 alianza na "ukiweza" (mstari wa 22), akafika "naamini, nisaidie kutokuamini kwangu". Yesu hakumrudisha akaseme upya vizuri zaidi. Mstari wa 25 anamkemea pepo moja kwa moja. Tofauti yake na mtu wa Yakobo ndiyo hii: huyu kutokuamini kwake amekuleta kwa Yesu mwenyewe.

Katekista_Mlezi
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nashika swali la pili, maana ndilo linaloumiza kimya kimya, na ukilijibu kwa haraka unaweza kuliongeza.

Msomee Marko 3:22-30 yote, usiishie 29. Waandishi kutoka Yerusalemu walikuwa wameiona kazi ya Yesu wakasema kwa makusudi kwamba anatoa pepo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Mstari wa 30 unatoa sababu ya onyo: "kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu". Ni msimamo wa moyo ulioamua kumwita Mungu shetani na hautaki toba. Wazo linalojipenyeza bila kuitwa, tena linamtia mwenyewe hofu, si msimamo huo.

Sasa angalia kinachoharibika. Anauliza, unamjibu, anatulia siku moja, kesho anauliza lile lile kwa maneno mengine. Anaitikia wito wa toba kila Jumapili, au anaungama dhambi ile ile kwa hofu kwamba mara ya kwanza hakutubu sawasawa. Kila ukimhakikishia upya, hofu inajifunza kwamba haiwezi kukaa bila kuhakikishiwa. Mtakatifu Ignas wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alipitia hayo mjini Manresa, Hispania, mwaka 1522. Muungamishi alimwambia asiungame tena dhambi za zamani isipokuwa jambo lililo wazi kabisa. Haikumsaidia, kwa kuwa kwake kila jambo lilikuwa wazi. Nafuu ilikuja alipoacha kabisa kuyarudia ya zamani. Kwa hiyo usiache mwanya wa "isipokuwa".

Kwa vitendo: mweleze Marko 3 mara moja, kikamilifu. Akirudi na swali lile lile, usifundishe upya. Mwambie kwa upole, "Hilo tulishalijibu," mpe 1 Yohana 3:20, "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu", kisha arudi kwenye kazi aliyokuwa nayo mkononi. Wazo likija asipigane nalo, asilikemee mara kumi, aliache lipite. Mchague mlezi mmoja tu wa kumsikiliza. Wakiwa watano atazunguka kwa wote. Na kama hapati usingizi, hali chakula, au anarudia sala saa nzima kwa kuogopa amekosea neno, zungumza na wazazi wampeleke kwa daktari wa afya ya akili. Sala iendelee na tiba iendelee. Kumfungisha siku tatu kijana asiyekula ni hatari.

Kwa Wakatoliki, Katekisimu namba 2088 inatenganisha shaka ya hiari na isiyo ya hiari. Ukilielewa hilo, nusu ya woga unaondoka.

Mama_wa_Zaburi
Swali la tatu: Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, inatosha dakika 25. Mistari 1-2 ni malalamiko ("hata lini" mara nne, wahesabu wenyewe), 3-4 ni ombi, 5-6 ni tumaini. Kila mmoja aandike sentensi mbili za "hata lini" kwa mambo yake, ombi moja la wazi, na sentensi moja ya tumaini. Asiye na tumaini leo aache nafasi tupu, usimlazimishe. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado imo katika Biblia kama sala.

Kosa la kawaida ni kuwasomesha kwa sauti. Usifanye hivyo.

Mwalimu_wa_Kipaimara
Nimebarikiwa sana. Dakika 15 kwa Petro, 15 kwa swali la pili, 25 kwa Zaburi, tano za sala. Karatasi zao nizisome mbele ya darasa?

Katekista_Mlezi
Usizitoe kabisa mfukoni, mwalimu. Wanajuana miandiko. Yanakili maswali kwa mkono wako kwenye ukurasa mmoja, badilisha maneno kidogo, na lile la pili liweke katikati lisiwe la mwisho. Kipindi kikiisha baki darasani dakika kumi unakusanya viti, bila kumwita mtu. Mwenye swali lake atakuja kukusaidia kubeba.