Behewa la mbao la zamani: nianzie wapi kutengeneza ubavu uliooza?

Seremala_Korogwe aliandika:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine wote.

Mimi ni seremala wa samani hapa Korogwe, na kazi yangu ya kila siku ni vitanda, makabati na milango. Mwaka jana tuligawana kiwanja cha marehemu babu yetu mdogo, na sehemu niliyopata mimi ina behewa la abiria la mbao ambalo yeye alilifanya stoo ya mahindi. Magurudumu hayapo, ila chasi ya chuma ipo, na lote limekalia mataruma ya zamani, yale magogo ya kulazia reli. Nilipokwangua rangi karibu na mlango wa mwisho nilikuta herufi T.R., nami nadhani ni za Tanganyika Railways, shirika lililounganishwa na lile la Kenya na Uganda mwaka 1948.

Ubavu wa kaskazini ni mzima. Ukiukwangua kidogo, mbao inatoka na rangi ya asali iliyoiva na harufu kama ya ngozi, ndiyo maana nikasema ni msaji, yaani mtiki. Ubavu wa kusini ndio msiba: paneli za chini zimepinda, boriti ya chini inamomonyoka kwa vidole, na mlango mmoja umekataa kufunguka. Paa lilifunikwa kwa turubai lililopakwa rangi, nalo limechanika sehemu mbili.

Nilikuwa nimepanga kuanza na mashine ya msasa nje kote, nione kwanza nina nini, kisha ning'oe paneli zote za ubavu mbovu na kupiga mpya. Kabla sijawasha mashine nimeona niulize wenye uzoefu. Je, mpango huu ni sawa? Na mbao ya kuzibia nichukue ipi?

Fundi_Mstaafu alijibu:

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuwasha mashine, kwa sababu jambo la kwanza nitakalokuomba ni kuirudisha hiyo mashine ndani na kufunga mlango. Rangi za wakati ule zilichanganywa na madini ya risasi, na hata turubai la paa mara nyingi lililazwa juu ya risasi nyeupe iliyokorogwa na mafuta ya kitani. Ukilipiga msasa mkavu, vumbi hilo litaingia mapafuni mwako, litashika nguo zako na kufika mpaka kitandani kwa watoto, na barakoa ya kitambaa haitakusaidia. Usiichome kwa moto pia. Lowesha, kwangua kwa mkono, tandika nailoni chini, kusanya kila ganda, na kuku wasikaribie.

Pili, hujasema lolote kuhusu maji, nami nimefanya kazi ya mabehewa muda wa kutosha kujua kwamba boriti ya chini haiozi kutokea chini. Inaozeshwa na maji yaliyoingia juu. Tazama mahali turubai lilipochanika, halafu shuka nalo: maji hupenya kati ya mbao za paa, yakafika boriti ya juu, yakafuata nguzo kwa ndani nyuma ya paneli ambako jua halifiki, na mwisho yakatua kwenye tundu la boriti ya chini ambamo ulimi wa nguzo, ile ncha yake iliyochongwa, umekaa. Tundu lile ni kikombe. Hakuna pa kutokea, kwa hiyo mbao inakunywa mwaka hadi mwaka.

Kuhusu ule mlango, nina hakika dirisha lake ni la kuteremsha, lile linalovutwa kwa ukanda wa ngozi. Kioo kinaposhuka huingia katika mfuko ulio ndani ya mlango, na mvua yote inayoteleza juu ya kioo huingia humohumo. Waliojenga walijua hivyo, wakatoboa vitundu chini ya mlango ili maji yatoke. Chukua waya, lala chali chini ya mlango, uvitafute. Nitashangaa usipovikuta vimezibwa na rangi au pumba za mahindi.

Kabla ya kung'oa hata paneli moja, pima behewa lote. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha kila upande, na upime mishazari ya kila nafasi ya mlango. Mwili wa mbao uliokaa juu ya mataruma yasiyolingana hujikunja taratibu, na ukipiga paneli mpya juu ya fremu iliyopinda utakuwa umeufunga upinde humo ndani. Ukikuta umelala, uinue kwa jeki kidogo kidogo, milimita chache kwa wiki, na uache mbao izoee. Kulala upande si jambo dogo. Pale Kima, nchini Kenya, Juni 1900, behewa alimokuwa amelala ofisa wa polisi wa reli Charles Ryall lilikuwa limeegemea upande mmoja kwa sababu njia ile ya pembeni haikuwa imesawazishwa. Simba alipoingia, uzito wake ukaliinamisha zaidi, na mlango wa kuteleza ukajifunga wenyewe na kumfungia humo pamoja na watu. Simba alitoka na Ryall kupitia dirishani. Behewa hilo liko mpaka leo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, ukipata safari ukalitazame, nawe utazame na viungo vyake.

Jahazi_Pangani alijibu:

Fundi mstaafu amesema yote ya maji, mimi niongeze ya mbao, kwa kuwa sisi wa vyombo vya bahari tunaugua ugonjwa huohuo.

Usikimbilie msaji kwa jina tu. Msaji wa mashamba ya kupandwa, hata huu wa Longuza hapo Muheza ulio karibu nawe, mara nyingi huuzwa ukiwa mchanga, na ubao wake huwa na sehemu kubwa ya ule mti mweupe wa nje, ambao mchwa na kuvu huula kama mbao nyingine yoyote. Kinachostahimili ni kiini chake. Kwa hiyo chagua ubao mmoja mmoja, kata weupe wote utupe, na usikubali kuchaguliwa na muuzaji. Ukipata mbao za zamani kutoka nyumba iliyobomolewa, hizo ni bora kuliko mpya, maana zimeshakauka na zimeshacheza mchezo wake wote.

Mvule unafaa kwa boriti ya chini, ila angalia msumeno wako: ndani yake hujificha mawe magumu meupe yanayovunja meno. Mkongo ni imara kupita, lakini ni mzito, nami nisingeutia kwenye milango.

Msaji una mafuta yake ya asili, kwa hiyo gundi hukataa kushika usipoufuta kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka. Na utanoa patasi mara nyingi kuliko ulivyozoea. Mafuta ya sifa, yale ya papa tunayopaka majahazi, usiyalete hapo hata ukishauriwa na mzee wa kijiji. Mbao iliyoonja sifa haitakubali vanishi tena, na abiria wako watanukia papa.

Mtanga_Ughaibuni alijibu:

Ninaishi Uingereza na huwa ninajitolea mwishoni mwa wiki katika karakana ya mabehewa ya mbao. Huku miili mingi ya mabehewa ilinusurika hivyohivyo kama ya babu yenu, kwa kufanywa nyumba, mabanda na stoo, na reli za kumbukumbu kama Bluebell ya Sussex, iliyoanza kuendesha treni mwaka 1960, zimeyarudisha kazini baadhi yake baada ya miongo mingi bustanini.

Ninakubaliana na wakubwa, isipokuwa nina neno juu ya mpango wa kung'oa paneli zote. Ukitoa paneli nzima kwa sababu sentimita ishirini za chini zimeoza, utapoteza ubao ambao leo huwezi kuununua. Kata sehemu mbovu mpaka ufike kwenye mbao nzima, halafu unga kipande kipya kwa mshazari mrefu: ubao wa unene wa sentimita mbili, mkato wake utambae walau sentimita kumi na sita. Nyuzi za kipande zifuate nyuzi za ubao wa zamani. Nguzo nazo ni hivyohivyo, miguu yake ndiyo huoza, na juu huwa nzima.

Chunguza kila mahali kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini ya washona viatu. Mbao nzima itakukatalia. Iliyooza itaumeza hadi mpinini, hata kama rangi ya juu inang'aa. Weka alama ya chaki mahali msharasi ulipomezwa. Kuhusu epoksi ya kumimina, ile gundi ya kemikali inayoganda ikawa ngumu, watu huipenda kwa sababu inaficha aibu haraka, lakini haipanuki wala kusinyaa pamoja na mbao, na ukiizibia unyevu ndani umeufungia mgonjwa na ugonjwa wake. Mimi siitii kwenye boriti inayobeba uzito.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Piga picha kila hatua, na kila kipande kinachotoka kiandikwe namba kwa penseli upande wa ndani. Utakapofungua viungo, tazama vizuri: mafundi wa zamani waliweka alama zao kwa patasi, mara nyingi mistari ya namba za Kirumi, ili ulimi urudi kwenye tundu lake. Sehemu moja ya kivuli, ukubwa wa kiganja, usiikwangue yote. Ilainishe kwa msasa wa maji kama ngazi, tabaka baada ya tabaka, uone behewa limewahi kuvaa rangi ngapi. Ngazi hiyo iache ilivyo.

Seremala_Korogwe aliandika:

Ahsanteni sana wazee wangu na ndugu yangu wa ughaibuni. Leo alasiri nililala chali chini ya ule mlango kama nilivyoagizwa. Vitundu viko vitatu, na vyote vilizibwa kwa kitu kigumu kama saruji ambacho baadaye nilikitambua kuwa ni rangi na pumba zilizogandamana. Nilipokitoboa cha kati kwa waya, yalitoka maji meusi yaliyojaa kikombe cha chai, na hapa hakujanyesha kwa wiki mbili.

Msharasi nao umesema: nguzo nne kati ya kumi na moja zimeoza miguu, na boriti ya chini ni mbovu kwa kama mita tatu tu, si yote kama nilivyodhani. Je, nianze na boriti au nguzo? Nina mbao za mvule za kutosha boriti.

Fundi_Mstaafu alijibu:

Hapana, anza na paa. Nunua turubai kubwa la lori, lifunike behewa zima na lining'inie nje ya kuta kiasi cha nusu mita ili upepo upite, kisha uache behewa likauke bila kuzigusa mbao zake mpaka mvua za masika zipite. Katika muda huo simamisha magogo chini ya chasi na uanze na jeki. Mvule wako upange kivulini, na vijiti kati ya ubao na ubao, nao ukauke. Ukifika kwenye boriti, fungua nguzo mbovu moja moja, usifungue zote nne kwa pamoja, na uniletee hapa picha ya tundu la kwanza kabla hujalisafisha.